Ngozi Yenye Chapa ya Sankale

Mbwa walibweka. Ruth aliacha kufukiza vibuyu vya maziwa akatazama nje.

Mwanamke asiyemjua alikuwa amesimama kwenye lango la miiba. Alikuwa amebeba furushi mgongoni, na kamba ya furushi imepita kwenye paji la uso wake. Jasho lilimtoka. Kutoka barabara ya Namanga hadi boma la Ruth ni mwendo wa saa nzima.

"Sopa, mama!" mgeni aliita, akisalimia kwa Kimaasai.

"Ipa," Ruth alijibu, lakini hakufungua lango. "Unatafuta nani?"

"Mzee Sankale. Mimi naitwa Nzula. Natoka Athi River, kwa kiwanda cha ngozi na viatu."

Ruth alishtuka. Binti yake, Naisenya, alishona viatu katika kiwanda hicho.

"Naisenya ameumia?"

"Hapana, mama. Ni mzima. Nimemwacha kwa mashine yake."

Ruth alifungua lango. Alimpa mgeni kiti na kikombe cha chai. Kisha alimwita mumewe, Sankale, aliyekuwa akirekebisha boma la ndama pamoja na ndugu yake mdogo, Katoo.

Nzula alifungua furushi. Ndani mlikuwa na ngozi ya ng'ombe. Aliitandaza chini. Ubavuni mwa ngozi palikuwa na chapa kubwa ya moto, ndefu kama mkono wa mtu.

Sankale aliitambua mara moja. Ilikuwa chapa yake.

"Huyu ni ng'ombe wangu!" alisema kwa ukali. "Nani amemchinja?"

"Ulimuuza, Baba Naisenya," Ruth alimkumbusha. "Si ni yule beberu mweusi ulimpeleka kwa Kitonga?"

"Ng'ombe si beberu, shemeji," Katoo alicheka. "Beberu ni wa mbuzi."

"Nyamaza wewe. Umenielewa."

Ni kweli. Sankale alikuwa amemuuza fahali mweusi kwa Kitonga, mchinjaji wa Kisaju. Hasira yake ilipungua, lakini wasiwasi ulibaki.

"Sasa umeniletea ngozi ya nini?" aliuliza.

"Kazi yangu ni kupanga ngozi kwa gredi," Nzula alisema. "Nilipoona hii chapa, niliuliza wafanyakazi kama kuna mtu anaijua. Naisenya alikuja akaiangalia. Akaanza kulia. Akaniambia, 'Hiyo ni ya baba yangu.'"

Katoo alisogea karibu na ngozi.

Nzula alitoa kipande cha karatasi ngumu mfukoni. Kilikuwa kimekatwa kwa umbo la sehemu ya juu ya kiatu.

"Mzee, hii ndiyo tunawekelea juu ya ngozi, tunakata. Ngozi nzima kama hii inafaa kutupa jozi kumi, hata zaidi. Jaribu wewe. Tafuta mahali."

Sankale alipiga magoti. Aliweka karatasi ubavuni, lakini ilikalia chapa. Aliisogeza mgongoni. Hapo palikuwa na tundu la kisu. Aliisogeza tena. Hapo ngozi ilikuwa ngumu juu na imeoza chini. Alisogeza na kusogeza. Mwishowe alipata mahali pa vipande vitatu tu.

"Jozi moja na nusu," Katoo alisema polepole.

"Ngozi nzuri zaidi iko mgongoni na ubavuni," Nzula alieleza. "Na hapo ndipo nyinyi mnachoma."

"Chapa ni lazima ionekane," Sankale alisema. "Ng'ombe wangu akipita ng'ambo ya bonde, mtu anajua ni wa Sankale. Baba yangu alichoma hapo. Babu yangu pia."

"Najua, mzee. Lakini wacha niseme ukweli. Ngozi nyingi tunazopata ziko hivi. Wakubwa wametupa muda hadi Desemba. Kama ngozi nzuri hazitaongezeka, sehemu ya viatu itafungwa. Watu arobaini watarudi nyumbani. Naisenya ni mmoja wao."

Ruth aliketi chini. Ilikuwa Agosti, mwaka wa 2001. Miezi minne tu.

"Mambo ya kiwanda ni ya serikali na matajiri," Katoo alisema. "Sisi ni watu wa ng'ombe. Tunaingiaje hapo?"

"Mnaingia mkiwa wa kwanza," Nzula alijibu. "Niambie, viwanda vya zamani vya hii nchi vilikuwa vya nini? Si vya chuma. Vilikuwa vya maziwa, nyama, chai, kahawa, pamba, mkonge. Vyote vilitoka shambani na kwa mifugo. Hata nchi tajiri za ng'ambo, nyingi zilianza hivyo. Wengine walianza na sufu ya kondoo, wengine na nafaka. Mkulima alilisha mji, halafu akaupa mji kitu cha kutengeneza. Watu wakapata kazi. Wakapata pesa ya kununua maziwa ya mkulima. Ni kama mduara."

"Na ukikatika?" Katoo aliuliza.

"Ukikatika, ngozi mbichi inaenda ng'ambo kwa bei ya chini. Inarudi ikiwa kiatu, tunainunua kwa bei ya juu. Kazi ya kuishona inafanywa na mtoto wa mtu mwingine."

Sankale alipitisha kidole juu ya chapa yake. Maisha yake yote aliiona kuwa ni heshima.

"Tuichome wapi?" aliuliza.

"Chini mguuni, au shavuni. Hapo hapakatwi kiatu. Lakini mzee, nisikudanganye. Ndama wa leo atachinjwa baada ya miaka minne au mitano. Chapa ni ya kesho. Ya kutuokoa kabla ya Desemba ni kisu kisichotoboa ngozi, na chumvi ya kuizuia isioze."

"Kisu na chumvi nitaongea na Kitonga," Sankale alisema. "Na chapa, ndama wangu wote nitawachoma mguuni. Nimesema."

Jumamosi, Sankale na Nzula walikwenda kwa Kitonga huko Kisaju. Kitonga alikuwa akichuna ng'ombe chini, kwa haraka, kwa kisu chenye ncha kali.

"Mimi watu wananunua nyama," Kitonga alisema. "Umewahi kuona mtu akikula ngozi?"

"Wewe umevaa nini miguuni?" Nzula aliuliza.

Kitonga alijitazama. Alikuwa amevaa viatu vya mpira. Watu walicheka, naye akacheka.

Nzula alimwonyesha. Kwanza, mninginize ng'ombe. Tumia kisu chenye ncha ya mviringo. Ukishapasua, weka kisu kando, sukuma ngozi kwa ngumi ili isitobolewe. Kisha ondoa nyama na mafuta yaliyobaki. Paka chumvi upande wa nyama siku hiyo hiyo, kabla ngozi haijaanza kuoza. Kama huna chumvi, iwambe kwenye fremu ya miti, ikauke kivulini. Usiitandaze chini juani.

Ngumi za Kitonga ziliuma wiki ya kwanza. Wiki ya tatu, ngozi zake hazikuwa na matundu. Wachinjaji wengine waliona kiwanda kikimpa bei nzuri, nao wakanunua chumvi.

Desemba ilifika. Ruth hakula vizuri wiki nzima. Naisenya alipokuja nyumbani siku ya Jumapili, mama yake alimsubiri langoni.

"Hawajafunga," Naisenya alisema kabla hata ya kusalimia. "Ngozi zimekuwa nzuri kidogo. Wametuongezea mwaka mmoja, yeyo, mama yangu. Mwaka mmoja."

Lakini Februari, balaa lilikuja. Mtamba mwekundu, ng'ombe mchanga ambaye Ruth alimpenda sana, alipotea malishoni. Alikuwa miongoni mwa wale wa kwanza kuchomwa mguuni. Sankale alimtafuta siku sita. Mtu mmoja alimwambia, "Nilimwona. Alikuwa na ng'ombe wa wageni, wakielekea kusini. Kwa mbali sikuona chapa. Ningejua ni wako, ningewazuia."

Mtamba hakupatikana. Ruth alilia. Habari zilienea, na watu wakamwita Sankale "mzee wa chapa ya kuficha."

Aprili ulikuwa wakati wa kuchoma ndama wapya. Ndama walikuwa kumi na mmoja. Majirani walikuja. Motoni mlikuwa na vyuma viwili, kikubwa cha zamani na kidogo kipya.

Katoo alichukua chuma kikubwa akamnyooshea kaka yake.

"Umejaribu," alisema kwa upole. "Hakuna atakayekulaumu. Hata Naisenya mwenyewe hatakulaumu."

Ruth alimtazama mumewe. Yeye mwenyewe hakujua alitaka afanye nini.

Sankale aliinama, akachukua chuma kidogo.

"Kaka! Ni nani atawajua kwa mbali?"

"Hakuna," Sankale alisema. "Kwa hivyo sitakuwa mbali. Nitawachunga mwenyewe."

"Na hilo goti lako linalouma? Wazee wenzako wako Kisaju wanakunywa chai."

"Waniwekee kikombe."

Katoo alirudisha chuma kikubwa chini, akaushika mguu wa ndama wa kwanza.

Kesho yake asubuhi, Ruth alifungua lango la miiba. Ng'ombe walitoka. Nyuma yao alitoka Sankale na fimbo yake, akichechemea, akihesabu migongo na mbavu zisizo na alama.