Siga ya Kahawa Iliyokosa Uchungu

Nilimkuta dada yangu wa damu bafuni, anamimina kitu kwenye chupa yangu!

Jamani someni taratibu, maana hata mimi asubuhi ile nilidhani macho yananidanganya.

Nilikuwa nimeshatoka kwenda kazini, nikarudi kuchukua simu niliyoisahau kwenye chaji. Mlango wa bafu ulikuwa wazi nusu. Dada amesimama mbele ya sinki na sare yake ya kliniki. Mkono mmoja ameshika chupa yangu ya dawa ya kusukutua, mkono mwingine kachupa ka plastiki kasiko na lebo.

Anamimina polepole, kama anampimia mtoto dawa ya kikohozi.

"Dada... unafanya nini?"

Akashtuka mpaka dawa ikamwagika. Ilikuwa ya waridi, rangi ileile ya dawa yangu.

"Umerudi kufanya nini?!"

Yaani yeye ndiye ananiuliza mimi!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, la sivyo mtamtukana dada yangu kabla hamjamjua. Mkimaliza kusoma, mtukaneni kwa ushahidi.

Kazi yangu ni kuonja siga. Si sigara, jamani, SIGA... yale madude manene ya kahawia mnayoyaona mkononi mwa watu wenye suti. Na kampuni niliyofanyia kazi ilikuwa inauza siga za kahawa.

Hapo watu huniuliza, kahawa inaingiaje kwenye siga? Majani ya tumbaku yanalazwa chumba kimoja na magunia ya kahawa iliyokaangwa, mlango unafungwa, yanakaa humo miezi. Tumbaku ni mbea. Ikilala na kitu chumba kimoja, inatoka na habari zake zote.

Kuonja nako kuna adabu yake. Unanusa jani la nje. Unavuta kabla hujawasha, usikie jani lenyewe linasema nini. Ndipo unawasha, bila haraka. Moshi haushuki kifuani, unauzungusha mdomoni na kidogo unaupitisha puani.

Mwanzo kahawa inakuja na utamu wa mbali. Ikifika katikati unakuja uchungu, lakini uchungu safi, unaoshika pembeni mwa ulimi halafu unaachia. Pua inaweza kudanganywa na harufu. Uchungu ule haudanganyi mtu, na mimi niliusikia kuliko yeyote pale kazini.

Ndiyo maana waliniita Ulimi. Nikisema sanduku hili sawa, wanunuzi wanabeba. Nikitikisa kichwa, linarudi stoo. Nilikuwa najidai nalo jina hilo, siwafichi.

Bosi wetu tulimwita Mzee Kimya. Alikuwa mwonjaji yeye mwenyewe kabla hajawa tajiri. Hapandishi sauti hata siku moja. Akikasirika anazidi kuongea polepole, na hapo ndipo unajua umeharibu.

Na dada? Dada ndiye amenilea. Baba yetu alikuwa mvuta sigara, kifua kikammaliza. Dada ndiye aliyekuwa anamshika kichwa akikohoa, mimi nikiwa mdogo nimejificha nyuma ya mlango. Kwa hiyo kazi yangu hakuipenda tangu siku ya kwanza.

"We mtoto, yaani unalipwa ili ufe?"

"Dada, siga haivutwi kifuani."

"Kwani moshi unakuuliza uende wapi?"

Tulikuwa tunabishana hivyo, tunacheka, maisha yanaenda.

Mpaka siku niliyowasha siga kazini nikasikia... hamna.

Harufu ya kahawa ilikuja puani vizuri kabisa. Lakini mdomoni uchungu haupo! Nikavuta tena. Haupo. Nikakimbilia jikoni nikanywa kahawa nyeusi tii, bila sukari. Ikawa kama maji ya moto yaliyotiwa rangi. Mchana nikala supu, chumvi siisikii.

Wapenzi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Ulimi wangu ndio shamba langu.

Nikaona nisifiche. Nikaenda kwa bosi, nikamwambia ukweli wote.

Mzee Kimya akainuka, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, bosi."

"Asijue mtu. Pua yako inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi inatosha. Endelea kuonja kama kawaida. Mimi nitakulinda."

Akaniwekea mkono begani. Nililia kwa shukrani, jamani! Nilitoka pale namwombea maisha marefu.

Miezi ikapita. Nikawa naonja kwa pua tu, masanduku yanatoka, kila nikilala naota nimeng'olewa ulimi.

Sasa turudi bafuni.

Dada alikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea.

"Ni ile tunayowapa watu waliong'olewa meno," akasema. "Ni ya siku chache tu. Ukizidisha muda inafifisha ladha. Ukiacha, inarudi. Nakuapia inarudi!"

"Umekuwa ukiniwekea?"

"Nilitaka uchoke mwenyewe. Uiache ile kazi."

"Dada! Nimekuwa nikilia chumbani kwangu, na wewe uko chumba cha pili unasikia!"

"Nilikuwa nasikia." Machozi yakamtoka. "Sitaki kushika kichwa kingine kikikohoa, mdogo wangu. Siwezi tena."

Nikamuuliza wazo lile alilipata wapi. Akaangalia chini.

"Nililipata tu."

Nikaliacha likapita. Ningelikazania swali lile, mengi yasingetokea.

Nikamwaga dawa yote. Nikawa nasukutua kwa maji tu. Chumvi ikatangulia kurudi. Halafu asubuhi moja nikanywa kahawa, uchungu ukanizaba kibao mdomoni, nikacheka peke yangu jikoni kama chizi.

Nilimwambia bosi? Hapana. Siku kubwa ilikuwa inakaribia, siku ya kuonja mbele ya mnunuzi mkuu, na nilitaka kumfurahisha mzee wa watu aliyenilinda.

Siku ikafika.

Mnunuzi alikuwa mama mmoja mwenye maduka miji mingi, sisi tulimwita Mama Miwani. Nilikuwa kwenye korido naelekea chumba cha kuonjea, Mzee Kimya akanisimamisha.

"Sukutua kwanza. Kinywa cha mwonjaji lazima kiwe safi."

Akanipa kachupa ka plastiki kasiko na lebo. Ndani, dawa ya waridi!

Nikaiinua kwenye mwanga.

"Bosi... hii umeitoa wapi?"

"Kwa watu wanaokupenda," akasema, na akatabasamu.

Nikaingia chooni nikaimwaga. Nikafungua bomba nisikike nasukutua, maana nilijua yuko nje ya mlango anasikiliza.

Kichwani swali lilikuwa moja. Kama hanitaki kazini, si anifukuze tu? Ulimi wangu umemkosea nini?

Niliingia kile chumba nikakuta mapazia yameshushwa. Dereva wa bosi, jitu moja la miraba minne, amesimama mlangoni. Miaka yangu yote pale, dereva hakuwahi kuingia chumba cha kuonjea.

Mama Miwani hakuwa na salamu ndefu.

"Wateja wangu wanarudisha masanduku, wanalalamika ndimi zinawaka. Nimekuja kukusikia wewe mwenyewe, Ulimi. Ukisema ni nzuri, nabeba mzigo wote na sitauliza tena."

Mzee Kimya akasukuma sanduku mbele yangu. Yeye akatoa siga yake kwenye mfuko wa koti, imezungushiwa pete ya karatasi yenye chapa ileile ya kampuni yetu, akawasha.

Nikachukua yangu, nikanusa. Kahawa! Nikavuta kabla ya kuwasha... midomo ikanata utamu, kama nimelamba peremende.

Siga zetu hazipakwi sukari.

Nikawasha. Kahawa ikaja nyingi mno na haraka mno, kama mtu aliyejimwagia marashi badala ya kuoga. Halafu ikakatika ghafla. Nyuma yake ukaja uchungu mwingine, mkali, wa jani bichi lililokaushwa kwa pupa na kupuliziwa dawa. Ulimi ukawaka moto mpaka machozi yakanilenga.

Majani yale hayakuwahi kulala na kahawa hata siku moja. Yalipuliziwa harufu tu, ya kutosha kuidanganya pua...

Pua yangu!

Hapo ndipo nikaelewa, na nikatamani nisingeelewa. Hakutaka kunifukuza. Alitaka nibaki palepale kwenye kiti, na jina langu, bila ulimi wangu. Masanduku yote yaliyowachoma watu yalikuwa yametoka kwa neno langu mimi.

"Mwambie Mama," Mzee Kimya akasema. Polepole. Polepole kuliko siku zote.

Dereva akasogea hatua moja.

Nikaangalia siga ya bosi. Majivu yake meupe, yameshikana, dalili ya jani zuri. Yangu meusi, yanapukutika mezani. Pete moja, siga mbili tofauti.

Nikatabasamu.

"Bosi, ina mambo hii. Tubadilishane. Wewe onja yangu, mimi nionje yako."

Kubadilishana siga ni jambo la kawaida kwetu, na kumkatalia mwenzako mbele ya mgeni ni kumtukana. Kila aliye kwenye kazi ile anajua.

Mzee Kimya hakunyoosha mkono.

"Ulimi... usifanye hivyo."

Mama Miwani akavua miwani.

"Kwa nini asifanye?"

Bosi akaisogeza siga yake mbali nami.

Yule mama akainuka, akaichukua yangu akavuta, akaitema kwenye leso. Akaichomoa ile ya bosi vidoleni mwake, akavuta, akaizungusha mdomoni kama mtu wa kazi.

"Yaani wewe unavuta siga, mimi unaniuzia moshi wa marashi?"

Mzee Kimya akageuka kwangu.

"Dada yako ndiye aliyekuja kwangu. Kamuulize."

Nikainuka kutoka. Dereva kaziba mlango, ananiangalia kama haoni mtu. Nilidhani siku zangu zimeisha, sitanii!

"Kijana, nipishe," Mama Miwani akasema nyuma yangu. "Nje kuna watu wangu wananisubiri, na wanajua niko chumba gani."

Dereva akamtazama bosi. Bosi akatazama majivu. Mlango ukafunguka, nikatoka nimemshika yule mama mkono kama mtoto.

Nyumbani sikukaa hata chini.

"Ulikwenda kwa bosi wangu?"

Dada akajishika kifua.

"Nilikwenda kumwomba akufukuze. Nikamsimulia habari za baba. Akanisikiliza, mdogo wangu, akanipa na leso nijifute. Akasema akikufukuza utaenda kuonja kwingine. Ila ladha ikikupotea, utaacha mwenyewe. Akaniuliza, 'Wewe si uko kliniki ya meno?'"

Mzee Kimya hakumhonga. Hakumtisha. Aliichukua hofu ya dada yangu akaitumia kama mali yake!

Najua mnavyokimbilia kwenye komenti kuniandikia "kikulacho ki nguoni mwako." Asanteni, naijua tangu shule. Somo langu ni jingine. Ukimpenda mtu, hofu yako mwambie yeye, usoni, hata mkigombana. Ukienda kuimwaga kwa mwingine, umempa kamba ya kumfungia umpendaye. Na bosi akipokea habari ya ugonjwa wako kwa utulivu kupita kiasi, jiulize ulikuwa unamzuia nini ulipokuwa mzima.

Kazi ile sina tena. Mama Miwani ananitaka nikaonje kwake, bado sijamjibu. Kila nikitaka kusema ndiyo, nasikia kikohozi cha baba.

Dada bado naishi naye. Nimemsamehe, na nikisema nimemsamehe namaanisha.

Lakini siku hizi akipakua chakula, kabla sijashika kijiko, anachota kidogo kwenye sahani yangu. Anatafuna, anameza, ananiangalia, ndipo ananisogezea.

Sijawahi kumwambia afanye hivyo.

Na sijawahi kumwambia aache.