Mwalimu na Damu Yake Safi

"Damu yangu ni safi, dada, usihangaike sana," Mwalimu alimwambia muuguzi huku akikunja mkono wa shati. "Natimiza utaratibu tu."

Kando yake mchumba wake, karani wa benki, alitabasamu kwa fahari. Upande wa pili wa chumba alikaa mke wa ndoa wa Mwalimu, Mama Kito, mpima macho wa duka la miwani. Alikuwa amemwomba mumewe damu hiyo ya kipimo tangu mtoto wao alipoanza kuugua, naye akakataa katakata. Leo kaitoa kwa hiari. Kisa? Wazazi wa mchumba wamesikia ana mtoto mgonjwa, wametaka uhakika. Kwa mwanawe hakupata nafasi. Kwa posa akaipata.

Mama Kito mwenyewe ndiye aliyegundua ugonjwa. Jua likizama tu, Kito alikuwa akijigonga kwenye viti. Akampima macho, akampeleka hospitali, na huko wakakuta figo nazo zinachoka. Mwalimu akamwita mama yake mzazi, wakafanya kikao sebuleni, na kikao kikaamua kwamba ugonjwa umetoka upande wa mwanamke. Mtu anayefundisha baiolojia! Mtu anayechora urithi wa vinasaba ubaoni kila mwaka, na kuwafokea watoto wa watu wakikosea! Akafungasha nguo, akahamia kwa mama yake, na kutoka huko akatuma ujumbe:

"Ukoo wenu una hitilafu. Mimi bado kijana, nataka watoto wazima. Usinipigie."

Mama Kito hakupiga. Alilia dukani, nyuma ya pazia la chumba cha kupimia, kisha akanawa uso akaita mteja mwingine.

Majibu yalipotoka wakaitwa. Mwalimu akaja tena na mchumba, asikie kwa masikio yake. Daktari, mama mtu mzima asiye na haraka, akauliza kwanza kama huyu mgeni anaruhusiwa kusikia siri zao. Mama Kito akasema hana neno. Mwalimu akasema ndiyo maana kamleta.

Daktari akaeleza kwamba karibu kila seli ya mwili ina kinywele kimoja kidogo mno, kimechomoza kama antena. Kwenye figo kinahisi mkojo unavyopita. Kwenye jicho, sehemu inayopokea mwanga imeota juu yake. Kinywele hicho hakijijengi. Zipo protini zinazobeba vifaa kupanda na kushuka ndani yake, na nyingine hukaa shinani kama mabawabu, zikichagua kipi kiingie na kipi kibaki nje. Kito amekosa bawabu mmoja. Vinywele vyake vipo, ila kazi haviwezi.

"Na kamkosa kwa sababu ya mama yake," Mwalimu akamalizia, kama anayesaidia.

"Ingekuwa mama peke yake, mtoto asingeugua," Daktari akasema. "Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo ya protini hiyo, na moja nzima inatosha. Kito amepata mbovu mbili. Moja ya mama, moja yako."

"Mimi naona vizuri."

"Mama naye anaona vizuri. Kila mmoja wenu anayo moja nzima."

"Basi maabara imekosea."

"Tumerudia kipimo, Mwalimu. Ni yako."

Mchumba akauliza kwa upole kama mtoto atakayezaa na Mwalimu naye angeugua. Daktari akamjibu hapana, labda yeye mwenyewe awe amebeba hitilafu hiyohiyo, na kupima ni rahisi. Hapo karani akamgeukia Mwalimu.

"Damu ningeivumilia. Lakini uliniambia mkeo alijua ana ugonjwa wa kwao akakuficha. Kumbe alikuwa hajui, kama wewe, na wewe ukamkimbia na mtoto juu."

Akachukua mkoba, akatoka. Mwalimu alimfuata mpaka ngazini, kisha akasimama. Hata kumkimbilia mwanamke kulimshinda.

Posa ikarudishwa. Mama mzazi wa Mwalimu, alipoambiwa kwamba hitilafu yenyewe huenda imepitia kwake, akaacha kuitisha vikao. Halafu kwenye simu ya Mama Kito ukaingia ujumbe:

"Mke wangu, nimetafakari. Nimekusamehe. Narudi nyumbani."

Alicheka mpaka Kito akaja kuuliza kuna nini.

Mwalimu akafika na sanduku, kanyoa, ananukia. Mama Kito alimwambia mwanawe yuko chumbani, akamwone, ila sanduku libaki nje. Mwalimu akakaa na mtoto kwa muda mrefu, akimsomea hadithi kwa ile sauti yake ya darasani. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Anajua nilikuwa wapi?"

"Nilimwambia una kazi nyingi. Sikutaka akujue mapema hivi."

"Nitakuwa nampeleka kliniki. Siku ikihitajika figo, wanipime mimi kwanza."

"Watakupima. Na njoo umtembeze mchana, anakupenda. Hilo simnyimi."

Mwalimu akasitasita. "Na sisi je? Hunipendi tena?"

"Nilikupenda hata ulipokataa kutoa damu. Nilijiambia, anaogopa, atakuja. Nilikupenda hata ulipomleta yule dada. Uliposema umenisamehe, ndipo nilipoona nimeishi na mtu mdogo kiasi gani."

Mwalimu akainama, akabeba sanduku, akarudi kwa mama yake.