Mwangwi wa Kikapuni

Kwa nini sauti yake mwenyewe ilikuwa inamrudia?

Tunu, askari mpelelezi, alikibana kisikizi sikioni. Toyota Noah yake ilisimama mbele ya ghala moja la Temeke. Humo ndani, mwenzake Godlisten alikuwa amejipenyeza kwa wasafirishaji wa dawa bandia. Jina lake walilijua wawili tu: Tunu na mkuu wao, Mama Felicitas. Leo Mama angelitaja kwa wenzao katika chumba cha mikutano, Kinondoni, naye Tunu akisikiliza kwa mbali, ili kikosi kimtoe.

"Nipo tayari," Tunu alisema.

*Tayari...* ukamrudia mwangwi hafifu.

"Mama, kuna aliyefungua mlango?"

"Hakuna, mwanangu. Tumetulia."

"Sista, unaogopa sauti yako?" Stanley alimtania kutoka chumbani humo. Ndiye aliyemfundisha kazi. "Mie hapa siogopi hata yangu!"



Mashine ya sauti ya chumba kile Tunu aliifahamu. Maikrofoni ya mezani husikia waliomo chumbani pamoja na sauti ya mbali inayotoka kwenye spika. Lakini mashine hubaki na nakala ya sauti hiyo ya mbali. Hukadiria kuta na meza zitairudishaje, kisha huiondoa kabla haijamrudia mwenyewe. Mlango ukifunguliwa, mwangwi huvuja kidogo, mashine ikajifunza chumba upya, ukakoma.

Huu haukukoma.

Basi ulipita njia ambayo mashine haikuijua.

Simu!

Kwa amri, simu zote zilikaa kikapuni, kando ya maikrofoni. Moja ilikuwa hewani. Iliwapelekea watu fulani mkutano mzima. Nao, kwa kutaka kusikia wote, waliweka spika. Sauti ya Tunu ilifika kwao, ikarudi, ikanong'ona kikapuni.

Nyuma ya mwangwi, mtu alikohoa.

Kikohozi cha Godlisten.

Wasikilizaji walikuwa humo ghalani, naye amesimama katikati yao.

"Sasa," Mama alianza, "kijana wetu aliyemo ndani anaitwa Go..."

"Tunavunja lango la mbele!" Tunu alipiga kelele. "Sasa hivi! Wote mbele!"

Akazima maikrofoni yake. Akanyakua redio, Motorola, kumwita kiongozi wa kikosi kilichojificha nyuma ya ghala.

"Kondo! Wanatoka nyuma. Wapokeeni."

"Nimekupata."

Alikanyaga mafuta. Noah ililipasua lango. Wasafirishaji walikimbilia nyuma, mikononi mwa kikosi cha Kondo. Mmoja alibaki, bastola kichwani mwa Godlisten.

"Kumbe kijana wao ni wewe!"

Tunu alifyatua Glock mara moja. Yule mtu alianguka akishika bega.

"Umechelewa, dada," Godlisten alisema.

Simu ya wasafirishaji ilikuwa bado hewani juu ya meza. Tunu aliiinua, akawasha maikrofoni yake.

"Mama, sikiliza kikapu."

Akapiga mluzi ndani ya simu ile.

Kinondoni, mluzi ulitoka kikapuni. Kisha Mama, kwa sauti iliyovunjika: "Stanley. Hii si simu yako?"



"Mwanangu," Mama alinong'ona, "huyu ni mtu wetu. Tuyamalize humu humu?"

Tunu aliitazama mikono yake. Mikono hiyo, Stanley ndiye aliyeifundisha kushika bastola.

Alirudisha Glock kiunoni, akatembea taratibu kuelekea langoni.

"Hapana, Mama. Fungeni mlango, kikapu kisiguswe. Nakuja kumkamata Stanley, na mahakamani nitatoa ushahidi mwenyewe."