Karatasi Kwenye Kitabu cha Masomo

Mwalimu alikuwa kwenye sentensi ya pili ya somo la kwanza pale Kinyozi, aliyesimama mlangoni mwa sakristia, alipogutuka.

Somo lilikuwa silo.

Lilisomwa vizuri, tuseme ukweli. Binti yule, mwalimu wa chekechea, ana sauti ya kumnyamazisha mtoto katikati ya kilio. Ila somo la Jumapili ile lilikuwa la karamu mlimani, na yeye alikuwa anasoma habari za mkoma aliyeambiwa akaoge mtoni mara saba. Alipomaliza, kwaya ikaimba malisho ya majani mabichi. Kisha Padre akahubiri karamu, karamu, karamu, na waumini wakawa wanatazamana. Huko nyuma mtu akashindwa kujizuia, akacheka puani, na kicheko kikaenea kanisa zima.

Kinyozi alijua kilichotokea, kwa sababu aliyekipanga kitabu ni yeye. Siku sita za wiki alinyoa watu. Jumapili alijitolea kuwasha mishumaa, kutandika altare na kuweka utepe kwenye ukurasa wa somo. Kitabu kile kina miaka mitatu ndani yake, na kila mwaka una masomo yake. Zamu ya Mwalimu ikifika, aliongeza na kitu chake cha siri: kikaratasi cha ukubwa wa kiberiti, kimeandikwa neno moja. *Pumua.*

Walikuwa wamependana miezi minane sasa, kimyakimya. Kimyakimya kwa sababu mwenyekiti wa kamati ya liturujia alikuwa mama mzazi wa Kinyozi, na Mama Mwenyekiti alishatangaza kwamba sakristia si mahali pa kuchumbiana.

Asubuhi hiyo kikaratasi kilikuwa kirefu kidogo: *Leo baada ya Misa usiondoke. Nina neno.* Mawazo yote yalikuwa kwenye kikaratasi wakati anaweka utepe. Jumapili ilikuwa yenyewe, mwaka ndio haukuwa wenyewe.

Baada ya Misa, badala ya lile neno, kulikuwa na kikao. Wanakamati watano kwenye mabenchi ya chumba cha kwaya, na Mama Mwenyekiti mbele yao, miwani imekaa ncha ya pua.

"Mwalimu, ulijiandaa au hukujiandaa?"

"Nilijiandaa, Mama. Ila nilipofungua nikasoma palipokuwa na utepe. Sikuangalia mwaka."

"Utepe ulikuwa wapi?"

Mwalimu alimtazama Kinyozi. Kinyozi alitazama viatu vyake.

"Wewe," mama akamgeukia mwanawe, "kitabu ulikiacha sawa?"

Hapo ndipo mwanaume mzima wa miaka thelathini na moja, mwenye saluni yake na ndevu zake, alipogeuka mtoto wa darasa la pili.

"Nadhani kilikuwa sawa, Mama."

Mwalimu aliinama kidogo, akachukua mkoba wake.

"Basi kosa ni langu," alisema.

"Utapumzika kusoma miezi mitatu," Mama Mwenyekiti akahukumu. "Mimbari si mahali pa kubahatisha."

Kinyozi hakuwa amefika nyumbani simu yake ilipotoa mlio.

*Karatasi yako ninayo. Ningeweza kuitoa pale mbele ya kamati. Sikutaka mama yako ajue mambo yetu kwa njia ya aibu. Nilikuwa nakusubiri wewe.*

Akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena. Mara ya tano ikapokelewa.

"Mwalimu, nisamehe."

"Nikusamehe lipi? La utepe nilishakusamehe kabla mkoma hajafika mtoni. Hili la 'nadhani kilikuwa sawa, Mama' ndilo limenikaa hapa kooni."

"Si unamjua mama yangu lakini."

"Namjua. Na nilikuwa najiandaa kuolewa na mwanawe. Siku akisema nimeunguza chakula, na aliyeunguza ni wewe, utaangalia viatu?"

"Nilishikwa na woga tu."

"Woga nao nauelewa. Kila siku nashinda na watoto wa miaka mitano. Wakimwaga uji wanasema 'Mwalimu, ni mimi.' Wanalia, lakini wanasema."

Simu ikakatwa. Kinyozi akabaki ameishika sikioni, kama vile ingebadili mawazo.

Wiki hiyo saluni ilipata hasara ya heshima. Mteja mmoja alitoka na sharafa ya shavu moja ndefu kuliko ya jingine. Mwingine aliomba kunyolewa kidogo, akatoka upara. Jumanne alituma ujumbe wa pole, haukujibiwa. Jumatano alipita mbele ya chekechea, akamwona Mwalimu dirishani anakata herufi za karatasi za rangi. Mwalimu akamwona pia. Akainama, akaendelea kukata.

Ijumaa akaja Padre kutengenezwa ndevu. Kinyozi alimfunga shuka shingoni, akashika mashine, akaiweka chini.

"Padre, ule utepe niliuweka mimi."

"Mm."

"Na nilidanganya kwenye kikao. Mwalimu hana kosa."

Padre alimtazama kwenye kioo. "Hiki ni kitubio au ni ndevu?"

"Vyote, Padre."

"Kitubio ni Jumamosi saa kumi. Leo nimekuja na ndevu." Akajiweka sawa kitini. "Halafu mimi unaniambia ya nini? Mimi sikusimamishwa kusoma. Wala mimi sikuchekwa."

"Waliomcheka ni kanisa zima, Padre."

"Ndiyo hivyo. Nami Jumapili, baada ya matangazo, huwa nauliza kama kuna mwenye la ziada. Miaka yote hajawahi kutokea mtu. Haya, anza upande wa kushoto, na ukinikata nitajua dhambi imebaki."

Jumapili ikafika. Mwalimu alikuwa benchi la nyuma kabisa, yeye ambaye kila mtu alizoea kumwona mbele. Mama Mwenyekiti alisoma matangazo: usafi wa kanisa, mazoezi ya kwaya, mkutano wa wazazi wa komunyo ya kwanza. Padre akasimama.

"Kuna mwenye la ziada?"

"Mimi, Padre," alisema Kinyozi.

Alitembea kutoka sakristia hadi mimbarini, hatua kumi na mbili, na zote alizisikia. Mama yake alikuwa bado amesimama pale na karatasi ya matangazo.

"Unataka nini hapa?" alimnong'oneza. Alisahau kuwa kipaza sauti kinasikia. Kanisa zima likasikia.

"Nataka kusema, Mama. Nipishe kidogo."

Mama akasogea. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"Ndugu zangu, Jumapili iliyopita mlisomewa somo la mwaka mwingine. Aliyekipanga kitabu ni mimi. Kwenye kikao niliulizwa, nikadanganya. Mwalimu akabeba kosa langu, mkamcheka, akakaa kimya ili kunisitiri. Namwomba msamaha mbele yenu, kwa sababu mbele yenu ndipo alipoaibika."

Mzee mmoja wa benchi la pili, fundi viatu asiyejua kunong'ona, akauliza, "Sasa wewe ulichanganyikiwa na nini, kijana? Si kazi yako ya kila wiki?"

Kinyozi akamgeukia. "Kila zamu yake huwa namwekea karatasi ndani ya kitabu, imeandikwa 'Pumua'. Siku ile niliandika nyingine. Nilitaka nimwambie neno baada ya Misa. Nampenda, mzee."

Kanisa likalipuka. Wengine walipiga makofi, kwaya ikapiga vigelegele, Padre akajifanya anatafuta kitu ndani ya kitabu chake cha Misa. Mama Mwenyekiti hakucheka. Alinyoosha mkono, kiganja juu.

"Ufunguo wa sakristia."

Kinyozi akautoa mfukoni, akampa.

Walipotoka, waumini wakiwa bado wamejazana mlangoni, mama yule alipasua umati moja kwa moja hadi kwa Mwalimu.

"Mwalimu, nilikuhukumu bila kuuliza mara mbili. Kwa vile kitabu kilikuwa mikononi mwa mwanangu, nikaamua kiko sawa. Nisamehe."

"Nimeshasamehe, Mama."

"Jumapili ijayo unasoma. Na ulikuwa na karatasi yake ukakaa kimya?" Alitikisa kichwa. "Mimi nisingeweza."

Akaondoka haraka, maana machozi yalikuwa yanamlengalenga na hakupenda yaonekane.

Kinyozi alisubiri pembeni, karibu na ukuta.

"Siku saba," Mwalimu alimwambia alipomkaribia.

"Najua."

"Yule mkoma naye alioga mara saba ndiyo akapona. Nilikuwa nahesabu. Nikasema ikifika ya nane, nakurudishia karatasi yako."

"Unanirudishia?"

Mwalimu akafungua mkoba, akakitoa kile kikaratasi, kimekunjwa mara nne. "Hapa umeandika una neno. Neno lenyewe ni lipi?"

"Nataka kukuoa. Na nikiulizwa na mama, na padre, na fundi viatu, nani kaunguza chakula, nitasema ni mimi."

"Hata kama nimeunguza mimi?"

"Hapana. Hapo nitakutaja."

Mwalimu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alipotulia, alikirudisha kikaratasi mkobani na kufunga zipu.

"Basi nabaki nacho," alisema. "Waambie wazee wako waje."

Wazee wakaja, wakapokewa, siku ikapangwa. Na ndivyo ilivyotokea kwamba, Jumapili ya kwanza ya kutangaza ndoa, zamu ya kusoma matangazo ilimwangukia Mwalimu mwenyewe. Alitaka kubadilishana na mtu. Mama Mwenyekiti, mwandishi wa ratiba, akasema ratiba ni ratiba.

Alipanda mimbarini. Kinyozi alikuwa benchi la mbele, hana ufunguo, hana kazi. Kitabu kilikuwa kimefunguliwa, na karatasi ya matangazo ilikuwa juu yake, imenyooshwa vizuri. Akasoma jina la bwana harusi na la wazazi wake. Akafika kwenye jina lake mwenyewe, sauti ikamkauka.

Alipogeuza karatasi kutafuta pa kushika, kikaratasi cha ukubwa wa kiberiti kikatokeza chini yake. Akatazama mwandiko. Haukuwa wa Kinyozi. Ulikuwa wa mtu mzima, herufi zimesimama wima, wino mzito, mwandiko ule ule ulioandika ratiba za wasomaji miaka yote.

*Pumua, mwanangu.*

Akapumua. Kisha akasoma jina lake kwa sauti, mpaka benchi la nyuma wakasikia.