Nusu ya Selimundu

Kondoo mwekundu alimponyoka Jentrix kabla sindano haijamgusa. Alipita katikati ya miguu ya wanunuzi, akaruka kamba iliyotenga mifugo na mboga katika soko la Kajiado, akatua juu ya rundo la vitunguu.

Mwenye vitunguu alikuwa mwanamume mrefu, shati la drafti limekunjwa mikono hadi viwikoni, kofia ya buluu imerudishwa nyuma. Alimkamata kondoo kwa manyoya ya shingo bila haraka yoyote.

"Huyu ni wako?"

Jentrix alifika akihema. Koti lake jeupe la maabara lilikuwa limeshika rangi ya vumbi, na upindo wa sketi yake ya kitenge cha njano ulikuwa umechanwa na kwato. "Si wangu. Ni wa yule mzee. Mimi nataka damu yake tu."

"Ya mzee?"

"Ya kondoo."

"Afadhali. Sasa amenikanyagia vitunguu, nimpeleke kwa chifu?"

"Mshike vizuri kwanza. Kwa chifu tutaenda baadaye."

Alimshika. Jentrix akapiga goti, akatafuta mshipa wa shingo, akavuta damu kidogo ndani ya kichupa. Mwanamume yule alikuwa akiitazama mikono yake, si kondoo.

"Mnapima ugonjwa gani?"

"Si ugonjwa. Hawa wekundu wa Wamaasai minyoo haiwasumbui sana. Tunawalinganisha na wale wa kuletwa, tuone jeni zao zinatofautiana wapi. Tunachukua hata kinyesi, kwa sababu vijidudu vya tumboni navyo viko na jeni zao."

"Na watu je?"

"Seli za watu ziko maabara, chumba kingine. Kazi ni ileile. Unatafuta mahali pamebadilika, halafu unauliza hayo mabadiliko yanaleta nini."

"Kwa hivyo ukinitoa damu utajua tabia zangu."

"Tabia nitauliza majirani wako."

"Majirani wangu wako Kitengela. Utawapata wapi?"

Jentrix alicheka, kwa sababu naye alikuwa amepanga Kitengela, nyuma ya barabara ya Namanga. Soila, mwenzake wa kazi aliyekuwa akizungumza na wazee kwa Kimaasai, alimwita mara mbili kabla hajaitika. Alipoitika, nambari yake ilikuwa tayari ndani ya simu ya mwenye vitunguu. Jina lake lilikuwa Nzioka.

Jioni hiyohiyo simu ikalia.

"Daktari wa Kondoo, umefika?"

"Nimefika, Bwana Vitunguu. Chifu amesemaje?"

"Amesema kesi tuimalize sisi wenyewe, kwa chai."

Ikawa chai, ikawa nyama choma Jumamosi, ikawa kutembea Jumapili hadi mahali nyumba zinapokomea na mbuga inapoanzia, ambapo twiga wakati mwingine huonekana wakila miiba kana kwamba mji haupo. Nzioka alizaliwa Illasit, akalima vitunguu Kimana, kisha akahamia Kitengela kuuza vya wenzake kwa jumla. Alimwambia mapema kwamba ana mtoto. "Anaitwa Celine. Ako na miaka saba. Mama yake aliolewa kwingine."

"Na huyo Celine anapenda nini?"

"Kuuliza maswali. Mtasikizana."

Mama yake Jentrix alipompigia kutoka Bungoma, alisikia sauti ya bintiye ikiwa nyepesi. "Ni nani?" akauliza.

"Nani nani, mama?"

"Huyo anayekufanya ucheke peke yako. Umefika thelathini na nne, usimfiche."

"Ni Mkamba, anauza vitunguu."

"Na ameokoka?"

"Anaenda kanisa, mama. Hayo mengine tutaona."

Aliweka simu akitabasamu. Alikuwa amemwona mtoto wake mwenyewe mara nyingi kichwani, msichana mwenye paji pana kama la mama yake, na majuma hayo alianza kumwona na kidevu cha Nzioka.

Alialikwa chakula cha mchana Jumapili moja ya Julai, baridi ya Kitengela ikikata. Alivaa gauni la zambarau na sweta nyeupe, akabeba keki. Celine alimfungulia mlango. Alikuwa mdogo kuliko miaka yake, mikono myembamba, nywele zimesukwa mistari. Weupe wa macho yake haukuwa mweupe. Ulikuwa na umanjano hafifu, kama karatasi iliyokaa sana juani.

Jentrix alisimama mlangoni na keki mkononi.

"Ingia, auntie," mtoto akasema. "Ama unaogopa viatu vitachafua?"

Walikula. Nzioka alipika pilau mwenyewe, akajisifu, akataniwa. Baada ya chakula Celine akatoka kucheza uani bila sweta. Alirudi akitembea kama anayekanyaga kokoto. Hakulia mara moja. Alikaa sakafuni, akashika mguu, na uso wake ukakunjana.

Nzioka alikuwa amekwenda dukani. Jentrix hakuuliza kitu. Alimfunika mtoto blanketi, akampa maji ya uvuguvugu kidogokidogo, akamkanda mguu kwa kiganja kizima badala ya vidole, akimwambia apumue naye. Nzioka aliporudi alikuta ameshaita teksi.

Hospitalini Celine alipewa dawa ya maumivu na maji ya mshipa. Alipolala, Nzioka alimgeukia.

"Ulijuaje la kufanya?"

"Nimesoma. Ni selimundu, si ndiyo? Sickle cell."

"Ndiyo." Aliutazama ukuta. "Ningekuambia. Nilitaka kwanza umjue yeye, kabla ya ugonjwa."

"Naelewa," Jentrix akasema.

Alichonyamaza nacho ni hiki. Kakake, Wanjala, alikufa kwa selimundu akiwa kidato cha pili, na ni Jentrix aliyekuwa akimkanda miguu. Wakati huo watu wa ukoo walisema ni uchawi, wakamtazama mama yake kwa jicho baya. Jentrix aliingia katika masomo ya jeni ili apate jibu, na jibu alilipata ndani ya damu yake mwenyewe. Alikuwa na nusu ya ugonjwa. Nusu haimuumizi mtu, hata humkinga kidogo na malaria, ndiyo maana imekaa miaka mingi katika damu za watu wa kwao. Lakini mtoto huugua akipata nusu kwa mama na nusu kwa baba. Kwa kuwa Celine alikuwa mgonjwa, Nzioka naye alikuwa na nusu yake. Kila mimba watakayopata, kati ya watoto wanne wanaowezekana mmoja ni Wanjala.

Siku zilizofuata alifanya kazi bila kuinua kichwa. Asubuhi alisoma jeni za kondoo, mchana za vijidudu, jioni seli za watu, na kila mahali aliona kitu kilekile. Kiumbe hachagui anachopewa. Alihisi kama mtu aliyeingia chumba ambacho mlango wake unafunguka kwa ndani, na nje ya mlango kuna ukuta.

Simu za Nzioka zililia, akaziacha zilie. Angemwambia nini? Kwamba hawezi kumpenda kwa sababu ya kile kinachomuumiza binti yake? Kila sentensi aliyoitunga ilimalizikia kwa Celine.

Nzioka alimfuata maabara Kajiado. Soila aliwaona wakisimama langoni, akaingia ndani akawaachia kivuli cha mgunga. Nzioka hakuwa na kofia. Alikuwa amevaa koti la kanisani, siku ya kazi.

"Nimekuja kusikia na masikio yangu," alisema. "Sema tu mtoto wangu ni mzigo. Mama yake alisema, akaenda. Wengine wawili wakasema kwa kunyamaza, kama wewe. Nimezoea."

"Si Celine."

"Uliona macho yake mlangoni ukasimama. Nilikuona."

"Nilisimama kwa sababu nilimwona kakangu."

Alimweleza yote, taratibu, kama anavyowaeleza wazee wenye kondoo. Nzioka alisikiliza hadi mwisho. Hasira ikamtoka usoni, na kilichobaki kikawa kibaya kuliko hasira.

"Kwa hivyo wewe na mimi," alisema.

"Wewe na mimi."

"Na unataka mtoto."

"Nataka. Sijui kudanganya kuhusu hilo. Kuna njia za hospitali, mimba inapimwa mapema. Lakini jibu likiwa baya…"

"Jibu likiwa baya utafanya nini? Nami nitamwangalia Celine vipi? Nimwambie, kuna mmoja kama wewe alikuwa anakuja, tukaona heri asije?"

Ndilo swali Jentrix alilokuwa akilizunguka majuma mawili.

"Kuna kingine," Nzioka akasema, na sauti yake ikashuka. "Nilifunga uzazi. Miaka mitatu imepita. Nilikuwa nimetoka kukesha na Celine wodi ya watoto, nikaapa sitampa mtoto mwingine maumivu hayo. Nikaenda kliniki, wakanifunga. Sijawahi kuambia mtu."

Mbuzi walipita barabarani na kengele zao. Jentrix alingoja wapite.

"Ulikuwa uniambie lini?"

"Sijui."

"Nilikuwa nakwambia majina ya watoto, Nzioka. Kwenye simu. Ukawa unacheka."

"Nilikuwa nacheka kwa sababu yalikuwa mazuri."

"Mimi nimekosa usingizi nikichagua, kumbe ulishachagua. Umeniweka mahali hapana mlango, halafu unanilaumu kwamba natafuta pa kutokea."

"Ni kweli," alisema. Hakujitetea. Alitikisa kichwa, akaondoka, na Jentrix hakumwita.

Agosti ikapita hivyo. Alijaribu kuwa na hasira, akaweza kwa muda. Alimkubalia mhasibu mmoja wa Gataka chakula cha jioni, mtu mzuri wa kuvaa suti, ambaye alikuwa amepimwa, na kwa hesabu ya jeni hakuwa na kasoro. Alirudi nyumbani hakumbuki alichosema yule mtu. Akampigia mama yake na kumweleza yote, hata lile la kliniki.

"Mimi nilipojua nilibeba nini," mama akasema, "mlikuwa mmeshazaliwa. Hakuna aliyeniuliza. Wewe umeulizwa. Hiyo ni mzigo, najua, lakini ni heshima pia."

"Hutapata mjukuu kwangu, mama."

"Nitalia. Na wewe utalia. Lakini usiolewe na mwingine ili mimi nisilie."

Jumatatu Jentrix hakwenda kazini. Alivaa gauni lake la kijani, akashuka soko la Kitengela. Nzioka alikuwa akimpimia mwanamke mmoja vitunguu. Alipomwona, mizani ikabaki ikining'inia.

"Maliza na mteja," Jentrix akasema.

"Huyu ni mteja wa kila siku. Anaweza kungoja."

"Naweza," mwanamke akasema, akaweka kikapu chini na kutegea sikio bila aibu.

"Bado nimekukasirikia," Jentrix alianza. "Ulinificha. Hiyo haijaisha."

"Haijaisha."

"Na sitasema sitaki mtoto. Nitamtaka. Kuna siku nitalia bila sababu ya kuonekana, na usiniulize ni nini, kwa sababu utajua."

"Nitajua."

"Lakini nimejaribu kuishi bila nyinyi wawili, na hapo ndipo hasa nimefungika. Nataka unioe, Nzioka. Kama bado unataka."

Nzioka alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Macho yalikuwa yamejaa machozi. "Na siku moja ukiamka unanichukia?"

"Nitakuambia asubuhi hiyohiyo. Hatutafichana tena, ndiyo mahari ninayotaka."

"Mjibu, baba," mwanamke wa kikapu akasema polepole. "Mimi niko na maharagwe motoni."

"Nataka," Nzioka akasema. "Nimetaka tangu mwanzo. Nilikuwa naogopa kukufungia ndani."

"Nimeingia mwenyewe."

Alifunika vitunguu kwa turubai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya jioni, wakatembea pamoja hadi lango la shule. Hawakushikana mikono. Walitembea wakigusana mabega, kila mmoja akijua alichopata na alichokipoteza.

Celine alitoka katikati ya wenzake na sweta kubwa kuliko yeye. Alisimama mbele ya Jentrix, akamchunguza kwa macho yale ya manjano.

"Ulipotea," alisema.

"Nilipotea. Pole."

"Leo unakula kwetu ama unaenda?"

"Nakula," Jentrix akasema. "Na kesho pia."

Celine alifikiri, kisha akamnyang'anya baba yake begi la shule alilokuwa ameanza kumbebea, akampa Jentrix.