Kiti Kiko Wazi

Ushanga mwekundu ulikuwa mmoja tu, na Muzdalifa alikuwa tayari kuapa kwamba hakuutunga yeye. Kidani chake kilikuwa cha buluu na nyeupe, safu saba, kazi ya siku nne, na pale katikati, mahali jicho linapotua kwanza, pakakaa kidoa chekundu. Alikitazama, akasonya. Ikambidi afumue safu mbili nzima ili autoe.

"Haraka zako hizo," alisema Mwamini, mwenzake wa mkeka wa pili, bila kuinua uso. "Unatunga huku unawaza mengine."

Muzdalifa aliuma uzi, akaanza safu upya.

Mwaka ulikuwa wa tisini na tatu. Korosho zilikuwa zimeanza kununuliwa na watu binafsi, na ghala la ushirika pale Kibiti likabaki tupu na popo wake. Wanawake kumi na mmoja waliomba walitumie, wakakubaliwa. Wakafagia, wakatandika mikeka, wakaanzisha kikundi cha kutunga vidani, hereni na bangili. Cha zamani kilichobaki humo kilikuwa kiti cha karani, cha mninga, chenye mikono miwili iliyong'aa kwa viwiko vya watu.

Muzdalifa alijiunga wa mwisho. Kwao Mtunda alikuwa akitunga shanga tangu ana miaka tisa, ila zilikuwa shanga za kiunoni, zile za kuvaliwa chini ya khanga. Miaka ishirini ya kazi nzuri, na walioiona ni waume za watu! Jambo hilo lilimchoma. Basi aliposikia kwamba mama mmoja mwenye duka Dar es Salaam atakuja kuchagua vidani, na kwamba kila kidani kitafungwa kikaratasi chenye jina la aliyekitunga, alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: kikaratasi kisomeke Muzdalifa.

"Kidani changu mimi nitakiweka mbele," alisema siku moja.

Mwamini akamkatiza. "Hapa hakuna mimi, dada. Hapa ni sisi."

Sisi yenyewe haikuwa na kichwa. Mwamini alitaka kuwa mwenyekiti, Johari alitaka, na kila kikao kiliisha kwa watu kununiana. Johari ndiye aliyekuwa katibu. Kila mwisho wa kikao alisimama na daftari lake, jua likiwa utosini, akasoma kwa sauti ya kuwachoma wenzake: "Kiti kiko wazi. Anayekitaka ajitokeze." Alisoma hivyo vikao vitatu. Ushanga mwekundu ulionekana kesho yake baada ya kikao cha tatu.

Siku iliyofuata, waliporudi kutoka kusali adhuhuri uani kwa Johari, shanga nyekundu zilikuwa tisa. Siku ya pili yake safu nzima. Muzdalifa alifumua, akatunga, akafumua tena, mpaka ncha za vidole zikamwuma. Kilichomshangaza ni mafundo. Yalizungukia kushoto, madogo mno, yamekazwa hata sindano haipenyi, na yalinuka udi na tope la mikoko, harufu ya huko Mbuchi, deltani, maji yanapokupwa.

"Nani anachezea kazi yangu?" aliuliza.

"Achezee kazi yako ana nini?" alisema Mwamini. "Kama kidani kimekushinda, sema tukusaidie."

Wengine wakacheka. Yule mama wa Dar alibakiza siku tano kufika. Muzdalifa aliamini moja kwa moja kwamba ni Mwamini, nani mwingine, na akaazimia kumfumania.

Siku hiyo hakuwa na sala, alikuwa katika siku zake. Wenzake walipotoka alijibanza nyuma ya magunia matupu kwenye kona, akangoja. Nje jua lilikuwa kali, hata kuku walikuwa wamejificha. Popo walinyamaza. Halafu kiti cha karani kikalia, kwii, kama kinavyolia mtu mzito anapokaa na kujiweka sawa.

Hapakuwa na mtu.

Harufu ya udi ikaja, na nyuma yake ile ya tope, na Muzdalifa, ambaye mpaka hapo alikuwa na hasira tu, akaona kidani chake kinainuka mkekani taratibu kama kinachovutwa na mkono wa mtu asiye na haraka, kikatua juu ya kiti mahali ambapo pangekuwa na mapaja, na sindano ikaanza kwenda, ndani, nje, ndani, nje, na shanga nyekundu zikatoka asikojua, zikagongana moja moja kwa mlio mdogo wa meno, na kila fundo lilipokazwa pumzi ilisikika, pumzi ya mtu anayeipenda kazi yake, mpaka sindano ikasimama na kugeuza ncha yake upande wa magunia.

"Mimi nimejitokeza," sauti ikasema kwa upole.

Muzdalifa alitoka mbio bila viatu.

Waliomsikiliza safari hii hawakucheka. Siku ya tatu wakamleta Bi Swaumu, fundi wa majini kutoka Mbuchi, mwanamke mfupi mwenye hasira za karibu. Alichoma ubani, akakizunguka kiti, kisha akataka kusomewa lile daftari. Johari akasoma.

"Rudia hapo," alisema Bi Swaumu.

"Kiti kiko wazi. Anayekitaka ajitokeze."

"Mara ngapi?"

"Tatu, bibi."

"Saa ngapi?"

"Adhuhuri."

Bi Swaumu akapiga paja. "Nyinyi wanawake mna wazimu! Sisi mafundi, mtu anayepandwa na jini tunamwita kiti. Jini ndiye mwenye kiti. Mnasimama jua la utosi mnanadi kiti mara tatu, mnadhani atakuja nani? Karani?"

"Sasa tufanyeje, bibi?" Johari alinong'ona.

"Kiti kijazwe. Mmoja wenu akae, aseme kwa kinywa chake kwamba kina mwenyewe. Mimi nitamuaga huyu mgeni kwa heshima, ataondoka. Ila anayekaa akae na moyo uliotulia. Akikaa na hasira, atamfungulia jini mlango wa kumwingia."

Alimtazama Mwamini. Mwamini akajifanya anatafuta ushungi wake. Johari akasema katibu hawezi kushika vyeo viwili. Watu waliogombana kwa ajili ya kiti miezi mitatu sasa wakawa wanasukumizana kama watoto mbele ya dawa chungu. Muzdalifa aliwatazama, akatazama vidole vyake vilivyochubuka, akaona siku mbili zilizobaki kabla ya mama wa Dar zinapotea kwa ubishi wao. Damu ikampanda.

"Nimechoka kufumua!" alisema, akaenda akakaa kwa kishindo. "Kiti hiki kina mwenyewe. Ni mimi!"

"Tulia kwanza, mwanangu," Bi Swaumu alisema, lakini maneno yalikwisha kutoka.

Ubani uliwaka mpaka ukaisha. Harufu ya tope ikapungua, ikapotea. Kidani hakikuguswa tena, na kwa siku mbili hizo Muzdalifa alitunga kwa raha ambayo hajaijua maishani mwake, buluu na nyeupe, safu saba.

Mama wa Dar akaja. Alipita vidani vyote, akarudi kwenye kile kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Mashaallah. Hiki katunga nani?" aliuliza, kalamu mkononi, kikaratasi tayari.

Miaka ishirini Muzdalifa alikuwa akilingoja swali hilo. Akainuka kutoka kwenye kiti, akafungua kinywa kusema mimi.

"Sisi," kinywa kikasema.

Alishtuka, akajaribu tena kwa nguvu zake zote. Mimi. Neno dogo, mtoto mchanga analimudu.

"Sisi. Tumekitunga sisi."

Wanawake wakashangilia. Mwamini alipiga vigelegele, machozi yakimlengalenga. "Huyo ndiye mwenyekiti! Hajisifu!" Mama wa Dar akatabasamu, akaandika jina la kikundi, akafunga kikaratasi kwa fundo.

Muzdalifa alitaka kulia, alitaka kumpokonya kalamu. Miguu ikamrudisha nyuma, ikamkalisha. Kiti kikalia, kwii, kwa uzito wake. Kisha kikalia tena, kwa uzito wa pili.