Mti wa Chiriku

Kila jioni baba alipotoka kazini, Chiriku alimpokea mlangoni kwa maneno. Hilo si jina alilopewa alipozaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu alisema tangu anaamka hadi analala, na mama aliapa kuwa hata usingizini mdomo wake haukupumzika. Baba alikuwa fundi wa kufuli. Kufuli za wateja zilizokwisha kutengenezwa alizileta nyumbani ndani ya ndoo, kila moja imefungiwa ufunguo wake kwa uzi, akaiweka ndoo chini ya meza.

Shule zilipofungwa, Chiriku aliamua kuwa Krismasi hiyo nyumba yao itapambwa. Pesa za mapambo hazikuwapo, lakini akili ilikuwapo, tena nyingi kupita kiasi. Alisimika tawi kavu kwenye debe la mchanga. Akakata magazeti ya zamani yakawa minyororo, akatoboa vizibo vya soda, akanyoosha karatasi za biskuti zinazong'aa kwa mgongo wa kijiko. Lakini karatasi zilipotundikwa zilipeperuka ovyo. Zilihitaji kitu kizito ndani. Macho yake yakatua kwenye ndoo.

"Nitazirudisha baada ya sikukuu," alijiambia. Akafungua nyuzi, akavingirisha kila ufunguo katika karatasi, akautundika. Upepo ulipopita dirishani, mti mzima ulilia kwa sauti tamu.

"Mwanangu ana kipaji!" baba alisifu jioni. "Hata mti wake unaongea kama yeye!" Kisha akavuta ndoo ili aandae kufuli za wateja wa kesho. Akatoa ya kwanza: haina ufunguo. Ya pili: haina. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama Chiriku, hivi nilizifungia funguo kufuli hizi, au niliota?"

"Baba Chiriku, si wewe juzi ulitafuta miwani huku umeivaa?" mama alijibu akicheka.

Baba hakucheka. Aliketi karibu na mti, kichwa kikagusa tawi, na funguo zikamlilia sikioni. "Basi nimezeeka," alisema. "Fundi anayepoteza funguo za watu si fundi tena. Baada ya sikukuu nitafunga kibanda changu cha kazi."

Chiriku alijua kuwa wakati wa kusema ni huo. Akafungua mdomo, mdomo ukagoma. Alikula chakula kimya, mpaka mama akamgusa paji la uso. "Huyu anaumwa. Tangu azaliwe hajawahi kumaliza sahani bila hadithi."

Asubuhi alifika mlangoni kwao mwoka mikate, mwanamke wa sauti kubwa, mizigo mikononi. "Fundi, kufuli yangu! Basi linaondoka sasa hivi. Duka nikiliacha wazi, panya watasherehekea Krismasi kabla yangu!"

Baba aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Ufunguo wako nimeupoteza. Uzee umeniingia."

Chiriku aliposikia hayo alijipenyeza kati yao. "Hujazeeka, baba! Ni mimi! Nimezitundika kwenye mti!" Maneno yote aliyoyabana tangu jana yakamwagika, mengine mara mbili.

Baba alichuma pambo moja, akalimenya kama pipi. Ufunguo! Akamenya jingine. "Kumbe sijazeeka!" alipiga kelele, akamshika mwoka mikate mkono akautikisa mpaka mzigo ukaanguka. Wote wakaanza kuumenya mti na kujaribu funguo, hadi kufuli ya mwoka mikate ikafunguka, naye akaichukua na ufunguo wake, akakimbia kufunga duka na kuwahi basi lake.

Ndipo baba akamgeukia Chiriku. "Mwanangu, mapambo yako ni mazuri, sikugombezi kwa hilo. Lakini kitu cha mtu huombwa, hata kikiwa chini ya meza. Na ukikosea, sema mapema. Kuchukua funguo kulinisumbua tu. Kunyamaza kwako ndiko kulikoniumiza, maana nilijiona sifai tena."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Sasa kaa hapa, kila ufunguo urudi kwenye kufuli yake."

Alijaribu na kujaribu hadi vidole vikawa vyeusi. Ufunguo wa mwisho uliporudi mahali pake, baba alimletea kopo la funguo mbovu za zamani za kutundika mtini. Chiriku akaokota mmoja.

"Baba, naomba huu."

"Chukua."

"Na huu?"

"Chukua."

"Na huu wenye kutu?"

Kopo lilipofika nusu, baba alikuwa ameziba masikio kwa viganja, huku akicheka. "Mama Chiriku," aliita, "mtoto wetu amepona!"